Moto wa Kupokea Wageni

Leo nimepewa barua ya onyo kwa kosa la kuharibu kuni. Mimi!

Kiwanda chetu hapa Kebirigo kinatengeneza spiriti ya ndizi. Tuna minara miwili ya kuichemshia, na zamani kila mnara ulikuwa na moto wake. Ni mimi niliyeunganisha bomba, mvuke wa mnara wa kwanza ukawa unachemsha wa pili. Moto mmoja, kazi ileile.

Sasa asubuhi bosi anaangalia juu. "Mbona ile chimni nyingine haitoi moshi? Wageni watadhani tumefunga. Washa!"

"Mzee, huko mvuke unatosha, moto hauna cha kuchemsha."

"Nimesema washa!"

Nikawasha. Moshi ukafunika soko lote.

Wageni wakashuka garini. Kumbe wamekuja kuona vile tunatumia moto mmoja!

Mama mmoja akauliza, "Na huu wa pili ni wa nini?"

Bosi akaninyooshea kidole. "Muulizeni fundi."

Haya. "Ni wa kuwapokea nyinyi."

Barua ameisaini yeye mwenyewe. Niambieni, niijibu ama niitupe kwenye ule moto?

Maana bado unawaka. Hajasema nizime.