Lianxiu na wimbo wa tatu wa lango la Dengcha

Saa tatu asubuhi, na Pan Lianxiu hawezi kusimama mahali pamoja. Anatoka kwenye gari hadi kwenye lango la kijiji cha Dengcha, anageuka, anarudi, anatoa simu, anairudisha mfukoni bila kusoma chochote.

Nyuma yake familia ya Tang kutoka Shenzhen inafunga kamba za viatu. Ni baba, mama, binti yao Ruohan wa miaka kumi, na mdogo wake Zimo wa miaka saba, ambaye tangu jana anauliza kama ni kweli samaki wa mashamba ya mpunga hukamatwa kwa mikono.

"Ni kweli, na wanateleza," Lianxiu anamjibu. "Ila kwanza tuingie."

Kuingia ndiyo kazi yenyewe. Wanawake wa Dengcha wameziba lango kwa mabenchi, mafagio, matenga ya kuku na mianzi ya kuanikia nguo, na katikati wameweka gurudumu la kusokotea uzi. Wao wenyewe wamejipanga nyuma ya kizuizi hicho, wamevaa nguo za nili zilizopigwa nyundo hadi zikang'aa, na wanaimba. Wanasema leo kijiji kina mwiko, kuku wanaatamia, mgeni haingii.

Mgeni naye sharti ajibu kwa wimbo. Abishe, atanie, abembeleze. Kila jibu likipendeza, kitu kimoja kinaondolewa. Ndivyo Wadong, watu wa milima ya kusini mwa China, wanavyokaribishana, na vijiji vingine siku hizi huimba ubeti mmoja, watu wakapiga picha, yakaisha. Dengcha hawataki mzaha huo.

Lianxiu ana miaka thelathini na sita na amezaliwa hapa hapa. Kazi yake ni kuleta familia zenye watoto, kwa siku chache, walale kwenye nyumba za mbao, wapande mpunga wa kunata, watie nguo rangi, wale samaki wa kuchachushwa hata wakikunja uso. Masharti yake ni machache na hana masihara nayo: huombi picha kwa kunyoosha simu, huwagawii watoto pipi kama unalisha kuku, na takataka uliyokuja nayo unaondoka nayo.

Kwa siku hubakiwa na kama yuan mia nne akishazilipa nyumba zinazopika na kulaza. Likizo za shule zikiisha, kazi nayo inaisha. Kiwandani Dongguan, alikokuwa akiunga spika za masikioni, mshahara ulikuwa mkubwa na haukukatika.

"Lakini nilimwacha binti yangu Peiying kwa mama yangu akiwa na mwaka mmoja," anasema. "Sikukuu moja ya mwaka mpya nikarudi na mabegi ya zawadi. Akajificha nyuma ya bibi yake. Akaniita shangazi. Mwanangu wa kumzaa! Nililia kwenye treni mpaka jirani yangu akahama kiti."

Alirudi moja kwa moja miaka minne iliyopita. Peiying sasa ana miaka kumi na mmoja na anamwita mama, ingawa bado anamtazama kwa jicho la mtu anayesubiri kuona kama mgeni ataondoka.

Na huenda Lianxiu akaondoka kweli, ndiyo maana asubuhi hii miguu yake haitulii.

Majira ya kuchipua yaliyopita Lianxiu alifika langoni na kundi la wageni waliokuwa na treni ya mchana. Nyimbo mbili zilikwenda vizuri. Ilipoanza ya tatu, ambayo huelekezwa kwa yule anayewaleta wageni, aliangalia saa, akasema treni haisubiri, akanyanyua gurudumu kwa mikono yake akalitupa pembeni. Wageni wakapita wakicheka. Wanawake hawakucheka. Jioni ile ile wakamtumia ujumbe kwamba asilete mtu tena.

Bila Dengcha hana pa kulaza familia hizo, na mumewe aliyeko kwenye ujenzi Dongguan hawezi kubeba mzigo wa nyumba peke yake. "Wakinikataa leo, mwezi ujao niko kiwandani," anasema, huku akichungulia lango. "Nimewaleta hawa hivyo hivyo, nikisema labda watoto watawalainisha."

Watoto hawamwangushi. Ruohan na Zimo wanaimba wimbo wa shuleni kwao kuhusu treni, na Zimo anapiga honi kwa mdomo hadi mate yanaruka. Wanawake wanashika mbavu. Mafagio yanaondoka, matenga yanaondoka, mianzi na mabenchi yanaondoka. Linabaki gurudumu.

"Watoto wamemaliza yao," anasema Bibi Luan, kiongozi wa waimbaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia mbuzi mlima wa pili. "Sasa mwenye wageni."

"Bibi, jua linapanda," Lianxiu anaomba. "Samaki wataingia matopeni."

"Waingie. Si ndiko kwao?"

Bibi Luan anampungia mkono msichana mmoja wa safu ya mbele. Ni Peiying. Anainua kidevu, anaanza wimbo wa tatu kwa sauti nyembamba isiyotikisika: ulikwenda wapi, rafiki, hadi njia ya mlangoni ikaota majani?

Wimbo unaisha. Lianxiu anatazama simu, lakini leo hakuna treni.

"Siujui," anasema.

"Hujui nini, Mama Peiying?"

"Jibu. Silijui. Wenzangu walifundishwa wakiwa na miaka kumi na sita, mimi nikiwa kwenye basi la Dongguan. Siku ile sikuwa na haraka yoyote, bibi. Niliona bora mniite jeuri kuliko mjue kwamba mtoto wa Dengcha hawezi kuimba langoni kwao."

Bibi Luan anamkodolea macho.

"Mjinga wewe! Miezi yote hii nimekununia, chai hainishuki, kumbe hujui wimbo tu?"

Safu nzima inaangua kicheko. Lianxiu naye anacheka, machozi yakimtoka, na kwa mazoea ya mtu asiyejua kungoja anainama kulisogeza gurudumu. Bibi Luan anampiga kofi mkononi.

"Wageni wapite. Wewe bado."

Mama Tang anasita. "Dada Pan, tuingie bila wewe?"

"Nendeni, nendeni! Picha muombe kwanza. Na Zimo, hizo pipi nimeziona."

Wanapita kiubavu mmoja mmoja. Punde sauti ya Zimo inasikika mashambani, akipiga kelele kwamba kamshika, kamponyoka, kamshika tena.

Lianxiu amebaki nje ya kijiji chake. Mwanawe amekaa chini upande wa pili wa gurudumu, amekunja miguu, anamfundisha jibu mstari kwa mstari. Mwanafunzi ana haraka, anarukia mstari wa tatu kabla hajaumaliza wa kwanza, na mwalimu hana huruma.

"Tena, mama. Umekimbia."

Kati ya makosa mawili Lianxiu anaeleza mipango yake. Kuanzia sasa familia zake zitapewa asubuhi nzima ya lango, bila treni ya mchana. Sikukuu ya mavuno anataka kuujibu wimbo wote mwenyewe. "Na mwakani nataka nisimame huko ndani, kando ya huyu, niwazibie wengine. Dongguan sirudi. Wakinitaka waje hapa, waimbe."

"Mama, imba."

Anaimba. "Sikukusahau, mwanangu, njia ilikuwa ndefu..."

"Siyo 'mwanangu'," anasema Peiying. "Ni 'rafiki'."

"Najua."

Anaurudia mstari ule ule, polepole mara hii, bila kurukia unaofuata. Sikukusahau, mwanangu. Peiying anainamisha kichwa na kuchezea uzi wa gurudumu. Hamsahihishi. Kisha, bila kumtazama mama yake, anaweka kiganja kwenye mguu wa gurudumu na kulisogeza kidogo, upana wa vidole vinne.

"Nimekuona wewe!" Bibi Luan anapiga kelele kutoka kwenye mnara wa ngoma wa kijiji, alikoketi na wenzake akiwatazama.