Pampu Iliyojiponya Yenyewe

Pampu ya mtaa wetu ilisifiwa hadi nchi za mbali. Ripoti zilisema imefanya kazi miaka sita bila kuharibika, kwa bidii ya kamati ya maji inayoongozwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Iliharibika mara kumi na nne. Niliyeitengeneza ni mimi.

Watu wa mradi walipochimba kisima chake nilikuwa nimefiwa mwaka mmoja, nikawa nawapikia mafundi wao. Semina ya ufundi ilitaka wanaojua kusoma, basi wanaume saba wakakaa darasani siku tatu, wakatoka na vyeti na kofia. Mimi nilikuwa kisimani nikiwapa mafundi spana huku sufuria ikichemka. Niliona raba ya ndani, yenye umbo la kikombe, inavyokaa mdomo juu ili ipandishe maji.

Maji yalipokatika mara ya kwanza, kamati iliweka kitabu cha maelekezo ya pampu katikati na kukizunguka. Katibu alikisoma kwa sauti. Shemeji, aliyeshika spana, alikaa upande wa pili na kuuona mchoro kichwa chini. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwenyekiti ahame. Raba ikarudi mdomo chini.

Nilisema imegeuzwa.

"Shemeji, wewe hata jina lako huandiki," akanijibu mbele za watu. "Rudi jikoni, kitu kitaungua."

Mchana ule, wanaume wakiwa wamelala, mimi na jirani yangu tunayemwita Twiga kwa urefu wake tulivuta mabomba tukaigeuza. Walipoamka, maji yanatoka. Shemeji akatangaza kwamba pampu za kisasa hupumzika kidogo, kisha hujiponya. Nilimeza maneno yangu. Chumba ninacholala na wanangu kiko kwenye nyumba ya ukoo wao, na funguo anazo yeye.

Miaka sita nilimpandisha cheo kwa mikono yangu.

Mwaka huu mradi ukaahidi kisima cha pili. Shemeji akasema kitachimbwa nyuma ya nyumba yake. Siku tatu kabla mgeni wa mradi hajafika, pampu ikanyamaza.

"Twende lini?" Twiga akauliza.

"Siendi."

"Sasa tunywe hasira zako?"

Siku mbili nilikwenda mtoni na ndoo kama wenzangu, nikawasikia wakiguna njiani, na kwenye pampu sikwenda.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo. Alipandishwa jukwaani, akashuka, akaja kukaa kwenye saruji ya kisima.

"Ikiharibika, nani anaitengeneza?"

"Haiharibiki," shemeji akasema.

Twiga akakamata mpini, akasukuma. Ukalia mkavu.

"Basi leo imenuna," akasema, na wanawake wakaangua kicheko.

Kamati ikaleta kitabu na kukaa kama ilivyozoea, kila mtu pale pale. Jua lilipinduka bila tone kutoka. Katibu akaanza kueleza habari za vyeti.

"Vyeti nimeviona ofisini," mgeni akasema. "Nataka kuona mikono inayoijua."

Twiga akanitazama. Wote wakafuata macho yake. Niliwaza kile chumba, na magodoro yakitupwa nje. Kisha nikaichukua spana, kwa kuwa mikono ilikuwa inaniwasha tangu asubuhi.

Mpini uliposukumwa mara ya tisa, maji yakamwagikia viatu vya mgeni. Hakuvisogeza.

"Ulijifunza wapi?"

"Nikiwapikia mafundi wenu."

Alifungua karatasi zake na kukata ukurasa mzima kwa mstari. Alisema safari hii kisima kitachimbwa watakapopaonyesha wanaobeba ndoo, na mafunzo yatafanyika hapa hapa, bila karatasi. Mwalimu niwe mimi. Nikamwambia mbele ya shemeji kwamba nitafundisha nikiwa na uhakika wa pa kulala. Shemeji akaangalia watu wote waliokuwa wakimwangalia.

"Nani kasema utahama, shemeji?" akauliza.

Hatujasuluhishana, na miaka yangu sita hakuna atakayenirudishia. Lakini jana wanafunzi wangu walikuwa tisa, watano wanawake, na yeye alikuwa mmoja wao, ameshika raba.

"Geuza, shemeji," nikamwambia. "Mdomo juu."

Akageuza.