Shukrani za Dobi Zilizoitwa Taka

Jumanne, tarehe sita Mei, saa nne asubuhi, ndipo mambo ya dobi yalipoharibika. Siku hiyo aliwashukuru watu waliomzikia mke, na shukrani zikamponza.

Leo anapiga pasi shati jeupe. Ananyunyiza maji kwenye kola, anasita, anageukia kiti kitupu cha mkewe kando ya meza.

"Hapo angesema, 'Bwana Mikunjo, hiyo kola unaipiga pasi au unaibembeleza?'" Anacheka kidogo, kisha kicheko kinamwishia mdomoni.

Akaunti ya barua pepe ya kazi ilikuwa ya mkewe. Nguo zikikauka, aliwaandikia wateja waje kuchukua. Alipolazwa, akawa anajirekodi kwa simu na kutuma sauti humo humo. Dobi alikuwa akienda kuzisikiliza kwa dada mwenye duka la kompyuta mtaani. Simu yenyewe ilipotea wodini, na wakubwa wa hospitali, kama kawaida yao, hawajui lolote.

Sauti ya mwisho ilifika siku aliyofariki. Dobi hakuifungua.

"Nilikuwa naitunza. Nikishaisikiliza, basi, hana jipya tena la kuniambia."

Baada ya mazishi alimwomba dada wa kompyuta awaandikie wateja wote asante. Dada akazituma barua zote kwa mkupuo. Kesho yake akaunti imefungwa: eti imesambaza barua taka, barua ambazo watu hawakuziomba.

Sasa kila mtu anajitoa lawamani.

"Baba, nilituma ulichoniambia," anasema dada. "Ningejuaje kuwa asante ni kosa?"

Mwalimu wa mtaani, mteja wa siku nyingi, amefuata sketi zake. Anakiri kwamba alibonyeza kuripoti taka.

"Shemeji, nilitoa anwani kwa ajili ya nguo. Mara naona barua yenye jina la marehemu! Nikajua ni matapeli."

"Lakini mazikoni ulikuja, Mwalimu."

"Nilikuja. Ila sikuomba kuandikiwa."

"Kwani pole uliyonipa, niliiomba?"

Mwalimu anachukua sketi zake, anaondoka bila kuzikagua.

Na wenye kampuni ya barua pepe? Hao hawana hata mlango wa kubisha. Wameweka mashine ijibu: uamuzi ni wa mwisho, usijibu ujumbe huu. Ndio haohao waliokuwa wakimjazia mama wa watu matangazo ya magodoro kila kukicha, hata siku ya msiba. Nani aliwaomba magodoro? Hapo hakuna aliyefungiwa.

Dobi ameshamwambia dada waiandikie kampuni tena, na wakikataliwa, waandike tena.

"Akaunti wabaki nayo. Wanipe ile sauti moja tu."

Analikunja shati, analilaza juu ya mengine, anapitisha kiganja kwenye kola.

"Alikuwa hoi, hata maji kumeza ilikuwa kazi. Lakini akaishika simu, akasema. Alitaka kuniambia nini?"