Foto ya Kijivu ya Hombo

Nilitoka Ngungu kwa sababu ya mutoto wangu Bahati. Binti yake Esperance anafundisha hesabu kule Hombo, na chuo kimoja cha mbali kilimuita akasome juu ya vitu vya mbinguni. Bahati alikuwa anakataa. Akaniambia, "Mama, wende uone na macho yako. Ukisema ni kazi, ataenda. Ukisema ni muchezo, arudi tukae naye kwenye duka."

Asubuhi Janvier, kijana wa pikipiki, alinishusha mpaka Minova, matope mpaka kwenye magoti. Pale nikapanda lori ya shoferi Muhindo, imejaa chumvi na sabuni. Tukapita Kalehe, tukapita Bunyakiri. Kwa kila barieri, pale askari wanalipisha watu, Muhindo alisema mimi ni mama yake, na mimi nikaitika.

Hombo, kesho yake. Mama Kavira, mufanyabiashara wa Butembo, njo anapangisha Esperance chumba nyuma ya duka lake. Akanipokea na chai. "Mujukuu wako ni mupole," akasema, "lakini anaangaliaka rangi ya majivu siku muzima. Nilifikiri ni ugonjwa."

Nikaingia, nikaangalia na mimi. Kwenye ordinatere, ile kompyuta ya Esperance, kulikuwa foto ya kijivu, kijivu tu.

"Kitu unaangaliaka kiko wapi?" nikamuuliza.

"Hapa, koko." Njo vile ananiita mimi bibi yake. Akaweka kidole.

"Hapo hakuna kitu."

"Kuna galaksi. Ni nyota nyingi sana pamoja, lakini mwangaza wao umetawanyika. Njo maana watu wanaipita bila kuihesabu."

Akasema kazi yao, yeye na watu wa kile chuo, ni kujua galaksi ziko ngapi, tena ziko mbali namna gani, maana ndogo ya karibu na kubwa ya mbali zinafanana. Nikamuuliza nani anavuta kamba ya kupima mpaka kule. Akacheka.

"Koko, ukiwa juu ya mulima, maharagi kwenye mukeka unayaona namna gani?"

"Rangi moja."

"Na ukikaribia?"

"Punje kwa punje."

"Basi, galaksi ya karibu iko na punje punje. Ya mbali ni laini."

Hiyo nilishika kidogo. Halafu akanichanganya tena: wakubwa wa kazi wanaficha ndani ya foto galaksi za uongo, wamezichora wenyewe.

"Wanakudanganya, na wewe unakubali?"

"Wanataka kujua ngapi zinanipita. Nikikosa nusu ya zile za uongo, wanajua hata za kweli nusu inanipita. Si wewe ulitufanyia vile na lungo ya kupepetea maharagi?"

Watoto wangu na wajukuu wakichagua maharagi, nilikuwa naangusha vijiwe ndani kwa siri. Mutoto akivikosa, anarudishiwa lungo, anaanza upya.

Siku ya kurudi, Mama Kavira akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema hapana. Akanipa sabuni ya njiani.

Ngungu, Bahati alikuwa mbele ya duka.

"Ni kazi?"

"Sijui. Niliangalia, sikuona kitu." Uso wake ukafunguka, akafikiri ni muchezo. "Lakini wanamuwekea vijiwe."

"Vijiwe gani?"

Nikamueleza, nikakosea, nikarudilia. Akaketi juu ya mufuko wa chumvi.

"Mimi lungo ulinirudishia kila siku."

"Kila siku."

"Na yeye?"

"Yeye hapana. Hakukosa kijiwe hata kimoja."

Bahati akachukua simu, akamuambia Esperance aende.

Ameenda. Ile kitu ya kijivu, mpaka leo sijui ni nini. Lakini nikianika maharagi sasa, napanda mulima, nageuka kila kidogo kuangalia mukeka. Punje zikipotea nasimama, najiambia, hapa njo mbali inaanzia.