Idadi ya Ng'ombe wa Abti

Swali lililonikosesha kazi mara ya kwanza lilikuwa jepesi, na ndiyo maana liliniuma. Kwenye mahojiano ya ofisi ya mifugo waliniuliza: ukifika kwenye boma la mfugaji asiyekujua, utaanza na swali gani? Nikajibu bila kusita kwamba nitamuuliza ana ng'ombe wangapi. Nilikuwa na diploma ya afya ya mifugo, vyeti vimepangwa vizuri kwenye bahasha, na jibu langu niliona limenyooka. Mzee mmoja kwenye jopo akafunga faili yangu taratibu, akaanza kutazama dirishani. Yaliyofuata yalikuwa ya kumaliza muda tu.

Nilitoka pale nimefura. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na njia nzima hadi nyumbani nilimsema yule mzee kimoyomoyo. Nimezaliwa na kulelewa Garissa mjini, mtoto wa mwalimu; ng'ombe niliowajua ni wale wa chuoni, wenye namba masikioni. Miezi miwili baadaye ofisi ileile ikatangaza nafasi ileile, kwa kuwa hawakumpata waliyemtaka: ofisa wa kuzunguka mabomani, kuorodhesha mifugo na kupanga chanjo. Nafasi ilikuwa moja. Mimi nilikuwa nimekaa miaka miwili tangu nihitimu, nikimsaidia mama kuuza madera sokoni, na mama alishaanza kusema kwa upole kwamba kibanda nacho ni kazi. Upole wake ndio ulionitisha. Nikaapa kwamba safari hii siikosi.

Nilipoitwa tena kwa mahojiano, zilibaki wiki mbili. Wenzangu walikuwa wakikariri majibu kutoka kwenye simu zao. Mimi nilikuwa nimeyakariri yote mara ya kwanza na hayakunifaa kitu. Nikafunga begi, nikaenda Ijara kwa abti, kaka yake mama, ambaye maisha yake yote hajafanya kazi nyingine ila kuchunga.

Usiku wa kwanza, baada ya swala na chakula, nilimweleza shida yangu, nikamwomba tufanye mazoezi: yeye awe mfugaji, mimi niwe ofisa. Akakubali kwa furaha. Nikafungua daftari, nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Abti akanyanyuka, akasema anakwenda kuswali isha. Isha tulikuwa tumeshaiswali pamoja.

Mkewe ndiye aliyenifafanulia, huku akijizuia kucheka. Alisema mali yenye uhai haitajwi idadi mbele ya watu. Husuda ipo, na hata bila husuda ni kukosa adabu, kama mgeni anayeingia kwako na kabla ya salamu kupoa anaanza kuwahesabu watoto. Nilibisha. Nilisema bila idadi hakuna chanjo itakayopangwa, na ng'ombe watakufa na adabu zao. Akasema hayo ni kweli, na bado swali langu ni baya. Nililala nimenuna.

Asubuhi nikajikaza kisabuni. Daftari nililirudisha ndani ya begi, na siku zote zilizobaki sikulitoa. Nilikwenda na ng'ombe malishoni. Niliteka maji kisimani hadi viganja vikachubuka. Zaidi ya yote, nilisikiliza jinsi mgeni anavyopokewa. Huulizwa habari, na habari si neno moja: mvua imenyesha wapi, nyasi zikoje, kuna amani huko atokako, ugonjwa gani umesikika. Naye huyajibu yote bila haraka, kisha inakuwa zamu yake kuuliza. Baada ya hapo watu hawafichani sana. Nilimsikia abti mwenyewe akimweleza mpita njia ni ng'ombe gani anakohoa, yupi ametupa mimba, na kisimani inachukua muda gani mpaka wa mwisho anywe. Mwenye akili angeweza kukadiria kundi kutokana na hayo bila kuuliza lolote.

Kila jioni tulirudia mazoezi, na kila jioni alinikosoa. Nimeharakisha. Nimeuliza ugonjwa kabla ya mvua. Nimemkazia macho kama polisi wa kizuizini. Mara mbili nilisusa, nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya nyumba, kisha nikarudi nikaanza upya na salamu. Siku ya tisa abti alinitajia kiasi cha dawa nitakachomletea kabla sijamuuliza. Nilifurahi mno, nusura nimkumbatie.

Ila mimi sijui kuacha kitu nusu. Jioni tatu mfululizo nilisimama kando ya mlango wa miiba, ng'ombe wakiingia, nikawahesabu kimyakimya. Mara zote tatu nilipata idadi ileile. Nikaiweka kichwani, nikijiona mjanja.

Siku ya mahojiano walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama aliyetoka makao makuu Nairobi; kijana wa takwimu na kompyuta yake; na mzee yuleyule, ambaye sasa alijitambulisha kwamba ni ofisa wa mifugo mstaafu. Mwenyekiti alisema mzee atakuwa mfugaji na mimi nimefika bomani kwake. Kwa kuwa mwenyekiti hakujua Kisomali, tukatumia Kiswahili.

Nilimsalimia mzee, nikamuuliza mvua. Nikamuuliza nyasi, amani, hali ya njia. Mwenyekiti akatazama saa. Nikatengeneza buibui langu, wala sikuharakisha. Nilipofika kwenye kikohozi, mzee alisogeza kiti mbele.

"Hii moja nakohoa mbaya," akasema, "na ile ingine iko karibu kufuata. Wewe kuja na dawa mingi, hii sio boma ya mtu mdogo."

Nikadhani nimemaliza. Lakini nilikuwa nimewasimulia kuhusu siku zangu za Ijara, na mwenyekiti akalirudia jambo hilo. Akaniuliza mjomba wangu ana ng'ombe wangapi. Kijana akaweka vidole tayari juu ya kompyuta.

Niliogopa kwa kweli. Idadi nilikuwa nayo ulimini. Ningeitaja, hakuna mtu mle ndani ambaye angeipeleka Ijara. Na niliitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Hiyo siwezi kuitaja," nikasema. "Ni mali yake, na yeye hajaniambia."

"Unaelewa kwamba kazi hii ni ya kutuletea idadi?"

"Naelewa, madam. Nitawaletea ile ambayo mwenyewe amenipa. Nikianza kwa kutoa ya abti ili mniajiri, boma la pili litanipokea vipi?"

Kijana akaondoa vidole juu ya kompyuta. Walinishukuru, nikatoka. Nilikuwa na hakika nimeikosa tena, na safari hii hasira haikuja kunisaidia. Nilihuzunika tu.

Alhamisi wakanipigia simu kwamba nimeipata. Mama alilia, akafunga kibanda saa sita mchana. Mimi nilimpigia abti, nikamsimulia kila kitu: mvua, nyasi, mzee, na lile swali la mwisho na jinsi nilivyolikataa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza chanjo zitafika lini. Nikamwambia mwezi ujao, inshallah.

"Chukua kalamu," akasema.

Akanitajia idadi kwa mdomo wake mwenyewe. Ilikaribia mara mbili ya ile niliyokuwa nayo. Kundi jingine, akasema, liko Hulugho na mwanawe mkubwa tangu kiangazi, na hao nao wasisahauliwe. Jioni zote tatu mlangoni nilikuwa nimehesabu nusu. Nikaiandika, nikasema mashallah, na mpaka leo sijamwambia kwamba niliwahi kuwahesabu.