Pweza wa Mlingotini na Saa ya Mbegani

Programu ile iliandikwa na watu wa mjini, mimi nikakabidhiwa kuitunza. Kazi yake ilikuwa ndogo: kupokea pweza katika vituo viwili, Mlingotini na Mbegani, na kumkataa yeyote aliyekaa zaidi ya saa sita bila barafu. Muuzaji aliyekataliwa mara tatu aliondolewa kwenye orodha ya wauzaji. Asubuhi niliyofika Mlingotini, mama mmoja alikuwa amekataliwa mara ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa mashine? Haya, mshike." Akaniwekea pweza kiganjani. Mnyiri mmoja ukajizungusha kwenye kidole gumba changu. "Umeona? Anakusalimia. Mashine yako inasema kafa usiku."

Karani wa kituo akacheka. Nilirudi nyumbani, Mapinga, nikaijaribu programu kituo kimoja kimoja. Kila kimoja kilijibu sawasawa. Nilikuwa bado najaribu mama alipokataliwa mara ya tatu.

Siku iliyofuata niliviendesha vituo vyote viwili kwa pamoja, nikaanza na Mbegani. Kosa likajitokeza.

Ndani ya programu saa ilikuwa singletoni, yaani kitu kinachoundwa mara moja tu, na kila sehemu hukitumia hicho hicho. Karani wa Mbegani alichoka kugeuza hesabu. Wavuvi walimwambia pweza katolewa majini saa mbili asubuhi, simu ikataka aandike nane. Akabadilisha mpangilio ili programu ihesabu saa kwa Kiswahili. Kwake mambo yakanyooka. Wa Mlingotini aliendelea kuandika nane kama alivyofundishwa, na programu, kwa kuwa saa ilikuwa moja kwa vituo vyote, ikasoma saa nane ya Kiswahili. Kwa kuwa saa nane mchana ilikuwa haijafika, ikachukua saa nane ya usiku. Siku ambazo Mbegani hawakufungua, pweza wa Mlingotini walipokelewa wote.

Niliisoma tena sehemu inayokagua pweza. Hakuna mstari ulioonyesha kwamba inategemea saa ya pamoja. Iliichukua kimyakimya, na yeyote angeweza kuibadilisha akiwa mbali, bila kujua. Ndiyo maana majaribio yangu ya mwanzo hayakuonyesha kitu.

Marekebisho hayakuwa magumu. Kila kituo nikakipa saa yake, na kila sehemu ikawa inakabidhiwa saa waziwazi. Nikawaandikia wenye kazi, nikaomba mama arudishwe. Wakajibu kwamba nafasi ya mama ilikwisha kujazwa.

Nilimpigia simu, nikamweleza taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo pweza wangu walikuwa wazima."

"Walikuwa wazima, mama."

"Hilo nilikwambia siku ile." Nyuma yake palisikika mtu anamwaga maji. "Haya. Ndoo ya pweza nimempa mkwe wangu, anafulia."

Nikamuaga. Kisha nikafungua programu, nikatafuta singletoni nyingine. Zilikuwepo.