Hondohondo wa Sydenham

Mwaka 2011 mimi na mke wangu tulipanga chumba cha uani huko Sydenham, Durban. Mwezi wa Juni alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia hata mara moja, na kesho yake tukamzika. Agosti, baridi ilipoanza kulegea, asubuhi moja alinitikisa bega.

"Iko mtoto analia nje."

Nilitaka kumwambia anaota, lakini na mimi nikamsikia. Kilikuwa kilio kirefu cha kichanga, kikitoka juu ya mkuyu nyuma ya nyumba. Tulitoka tumejifunika blanketi. Matawini walikuwamo ndege wakubwa weusi, matumbo meupe, na kama pembe juu ya mdomo. Walikuwa wakila matunda na kulia kwa zamu.

"Hondohondo hao," mama mwenye nyumba alituambia kutoka dirishani. "Kila mwaka huja wakati huu. Msiogope."

Mimi nilitulia, mke wangu hakutulia. Ndege mmoja alikuwa kimya, ameinamisha kichwa, akimtazama yeye tu. Kwa wiki tatu, kila asubuhi, alikaa tawi lilelile, na mke wangu akasimama chini akimwimbia polepole kwa Kirundi, lugha ya kwao. Sikumzuia. Niliogopa kwamba nikimzuia, yule ndege naye ataanza kulia.

Septemba wakaondoka wote. Siku hiyo mke wangu alifua nguo ndogo zilizokuwa sandukuni, akazianika, akampelekea jirani mjamzito. Kesho yake akalala mchana kutwa.